Mgeni Aliyeinua Mkono

Harufu ya dagaa wakavu wanaotwangwa kinuni hainiachi. Hata leo nikipita sokoni Bunda, pale akina mama wanapopanga madebe ya dagaa, pua yangu inanirudisha Butiama, nyumbani kwa bibi mzaa mama, kwenye ua uliokuwa na mawe makubwa kuliko nyumba yenyewe. Bibi aliwatwangia kuku wake dagaa ili mayai yasitoke laini bila gamba, na vumbi lake lilitua kwenye nywele, kwenye khanga, hata kwenye uji wa asubuhi. Shuleni wenzangu walinitania kwamba nanuka mwalo wa samaki. Sikujali, kwa sababu dagaa wale walitoka kwa mama. Mama alikuwa kisiwani Rukuba, akiwapikia wavuvi kambini, na kila gunia lililovuka kwa boti hadi Musoma na kutoka Musoma hadi kwetu ndilo lililokuwa salamu zake, maana hakutuma nyingine. Siku aliyoondoka alinishika kidevu akaniambia, "Mahindi yakichanua, nakuja kukuchukua." Nilikuwa darasa la tatu. Tangu siku hiyo nililitazama shamba la bibi kwa jicho la mtu anayesubiri gari.

Kiangazi cha mwaka huo huo ndipo mjusi alipofika. Mjomba Magesa, kaka yake mama, alikuwa mlinzi kwenye nyumba aliyopanga mzungu mmoja kule Musoma mjini, na mzungu huyo alifuga mjusi aliyekuja naye kutoka mbali. Hakuwa mjusi wa ukutani tunayemjua sote. Huyu alikuwa mnene, rangi ya mchanga, mrefu kama mkono wangu wa wakati ule, na chini ya kidevu alikuwa na miiba laini iliyokaa kama ndevu za mzee. Mzungu alikwenda kwao likizo, akasema atarudi masika yakiisha, akamwachia mjomba funguo, sanduku la kioo na mjusi ndani yake. Mjomba, ambaye alikuwa hamwogopi mwizi wala fisi, alimwogopa yule mjusi kuliko kaburi. Alifungua mlango kidogo, akarusha jani la sukuma wiki, akafunga. Taa iliyokuwa ikimpa mjusi joto ikaungua, naye hakujua ilikuwa ya kazi gani, akadhani ni ya urembo. Mwenye nyumba alipoitaka nyumba yake, mjomba alilifunga sanduku nyuma ya baiskeli, chini ya gunia, akalileta kwa bibi. "Mama, nakuachia hiki kitu," alisema huku akirudi nyuma. "Mimi kinaniangaliaga vibaya."

Hakuweza kumwangalia mtu vibaya wala vizuri. Macho yalikuwa yamezama, mbavu zinahesabika, ngozi kuukuu imemganda vidoleni hadi kidole kimoja kikakauka na kukatika. Miguu ya nyuma ilitetemeka tu, haikumbeba. Bibi alimgusa taya kwa ncha ya kidole na taya likabonyea. Alilitazama lile sanduku muda mrefu, kisha akasema neno moja lililompa jina: mgeni. Na kwa bibi mgeni alikuwa na haki zake. Mgeni haketi juani. Mgeni hupewa kivuli, maji, na mahali pa ndani. Basi tukamweka chumba cha ndani, kando ya mtungi wa maji, mahali palipokuwa na ubaridi kuliko pote nyumbani. Tukampa ugali, tukampa mboga, bibi akampa hata maziwa kwenye kifuniko cha chupa. Hakula. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," bibi alikuwa akimwambia kila asubuhi akichota maji, nusu mzaha, nusu ombi. Kila siku alizidi kupauka, na sisi tukazidi kumsogeza kwenye kivuli.

Hapo nikafanya yale ambayo watoto hufanya na Mungu. Nilijiambia kwamba mjusi huyu ameachwa na mtu aliyesema atarudi, na mimi pia nimeachwa na mtu aliyesema atarudi. Mwenyewe akirudi akamkuta hai, basi na mama atarudi. Akimkuta amekufa, shauri yangu. Sikumwambia mtu. Nililala nikisikiliza kama anapumua, niliamka nikienda kwake kabla ya kunawa uso, na shuleni mwalimu aliponiuliza jedwali la saba nilikuwa kule kando ya mtungi. Maisha yangu yote niliyatundika kwenye mbavu za mjusi, na ukiwa mtoto huoni ajabu yoyote katika hilo.

Siku moja sanduku lilinuka hata bibi akashindwa. Tukalitoa nje kulisugua kwa majivu, na mgeni tukamlaza juu ya jiwe bapa tulipoanika udaga wa muhogo, kwa dakika chache tu, mpaka tumalize. Niligeuka nikamwona amelala kama kitambaa, nikajua amekufa. Kumbe hajafa. Alikuwa anajitandaza. Alijibana kwenye lile jiwe la moto akawa mpana kama chapati, na rangi ikaanza kumpanda, kwanza shingoni, kisha ubavuni, ile rangi ya mchanga ikigeuka manjano. Akafumbua jicho. Akafungua mdomo kidogo, kama mtu aliyeonja chumvi baada ya siku nyingi. Bibi alisimama na kipande cha udaga mkononi. "Kumbe anatakaga jua," alisema. "Tulikuwa tunamuua na heshima zetu." Alicheka, halafu akaacha kucheka ghafla, akaenda kukaa kivulini peke yake.

Kuanzia hapo mgeni aliishi juu ya jiwe, nami nikiwa mlinzi wake dhidi ya mwewe na kuku. Nilikamata panzi kwenye shamba la mihogo, bibi akawagaragaza kwenye vumbi la dagaa. "Mifupa yake imelegea kama yai lisilo na gamba," alisema, "na dawa ya yai naijua." Panzi wa kwanza alimtema, wa pili akamshika kwa ulimi akamtafuna polepole kwa taya lake bovu, na mimi nikalia pale pale. Ilikuwa kama mama ndiye anayemlisha, kutoka Rukuba, kwa mkono mrefu. Baada ya muda miguu ya nyuma ikaanza kusukuma. Ngozi kuukuu ikambanduka vipande vipande. Alitembea, kombo kidogo, akiburuta upande mmoja, lakini alitembea, na taya lake halikubonyea tena.

Asubuhi moja bibi alikwenda kwenye jiwe na ungo kichwani, kivuli chake kikamwangukia mgeni. Mgeni akainua mkono mmoja wa mbele. Aliuinua taratibu, akauzungusha hewani, akaushusha. Bibi alitua ungo. Alijifunga khanga vizuri, akasimama wima, akamjibu kwa sauti ya mtu aliyepewa haki yake: "Marahaba, mgeni wangu. Umeamkaje?" Habari zikaenea. Watu walikuja kuamkiwa na mjusi. Muuza maziwa alikuja, katekista alikuja akijifanya anapita, na kila aliyemwinamia alipewa mkono, kila mmoja akaitikia marahaba na kucheka. "Watoto wa siku hizi wananipitaga kama mti," bibi aliwaambia, "lakini huyu kaletwa na adabu yake kutoka kwao." Nilijivuna. Nilimhesabu kuwa amepona, na aliyepona husubiri tu kuchukuliwa.

Mahindi yakachanua na mama akaja. Niliona kwanza kitenge kipya, kisha tumbo lililokitangulia. Bibi naye aliliona, akamvutia kigoda. Mama alinikumbatia kwa ubavu, akasema nimekua, akanipa biskuti. Nilikuwa nimeshakunja nguo zangu. Nilikwenda kwenye jiwe kumuaga mgeni, na jiwe lile lilikuwa karibu na jiko, na jiko la bibi lilikuwa la fito tupu. Nikamsikia mama akisema, "Mama, yule mwanaume hajui kama nina mtoto." Nikasikia bibi akisukuma kuni motoni. Mama akaongeza, "Nitamwambia. Huyu akishazaliwa, nitamwambia." Sauti yake ilikuwa ndogo, sauti ya mtu anayeomba. Nilibaki nimeshika panzi mpaka akafa kiganjani.

Mama alipotoka jikoni alikuja nilipokuwa. Kivuli chake kilimfikia mgeni, na mgeni, kama kawaida yake, akainua mkono. Mama aliruka nyuma. "Huyu anapunga mkono," alisema. "Nani kamfundisha kuaga?"

"Haagi," bibi akajibu kutoka mlangoni. "Anaamkia. Mwitikie."

Mama aliutazama ule mkono ukizunguka na kushuka. "Mimi naona anaaga, Mama," alisema. Hakuitikia. Aliondoka kabla ya jua kusimama kichwani, akashika njia ya Kiabakari, nami nikabaki na nguo zangu zilizokunjwa. Baada ya hapo magunia ya dagaa hayakuja tena.

Mjomba alikuja wiki chache baadaye na habari zake. Mzungu amepata kazi kwingine, harudi. Kuhusu mjusi amesema tufanye tunavyoona. Mjomba alileta habari hiyo kama mtu anayeleta nafuu, na kwa kweli alidhani tutafurahi. Nilimwuliza kama mzungu aliuliza hali yake. "Ya nani?" mjomba alisema.

Kisha mbingu zikafunga. Masika yale yalikuja na mawingu yasiyoondoka, asubuhi kama jioni, jiwe limelowa na baridi. Mgeni akaacha panzi. Rangi ya manjano ikamtoka kwa njia ile ile iliyompandia. Nilipasha mawe motoni, nikayafunga kwenye khanga kuukuu, nikamlaza juu yake. Yalipopoa nikapasha mengine. Bibi alikung'uta gunia la mwisho, akapata vumbi la kiganja kimoja, akalikoroga kwa maji na kumpaka mdomoni. Sikio la kufa halisikii dawa. Miguu ikaanza tena kutetemeka, na mimi nilijua kutetemeka kule. Kila nilipomwinamia aliinua mkono, kila mara chini zaidi, na kila mara nilimwambia marahaba, marahaba, kwa haraka, kama kwamba nikiitikia vizuri atabaki. Alikufa saa ya kutoka shule, nikiwa njiani. Bibi alimfunga kwenye kipande cha khanga, tukamzika chini ya jiwe lake. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," bibi alisema akipangusa udongo mikononi. "Hapa hajapona mtu." Siku iliyofuata jua likatoka, kali, na jiwe likatoa mvuke. Nililichukia jua lile. Kuhusu mama, watu waliniambia mvumilivu hula mbivu. Wengine walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na hao ndio niliowaamini.

Bibi naye ameshalala kule kule Butiama, upande wa pili wa yale mawe. Mimi naishi Manyamanyama, hapa Bunda, nina kibanda cha kushona nguo na nyumba ya vyumba vitatu yenye baraza linalopata jua la asubuhi. Mwaka juzi, nikisubiri wateja, nilikuta kwenye simu video ya mjusi kama yule, akiinua mkono vile vile, na sauti ya mtu ikieleza maana yake. Mjusi wa aina ile akizidiwa ukubwa na aliye mbele yake, huinua mkono kusema: mimi ni mdogo, usiniumize. Nilizima simu. Nilikumbuka muuza maziwa, katekista, bibi na khanga yake iliyofungwa vizuri, sote tulivyomwinamia tukicheka, na yeye akituomba mmoja mmoja. Nilimkumbuka mama aliporuka nyuma. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwelewa, na mimi niliyempenda nilikuwa nikimwinamia kuliko wote.

Mama yuko kwangu sasa. Yule mwanaume wa Rukuba alimrudisha Musoma baada ya kiharusi, mtoto aliyekuwa tumboni yuko mbali na hapigi simu. Mama hawezi kusema. Upande wa kulia umekufa, taya limelegea, namlisha uji kwa kijiko, na ndani ya uji nakoroga vumbi la dagaa, kwa sababu ndiyo dawa pekee niliyorithi. Kila asubuhi namtoa barazani kwenye jua. Kivuli changu kikimfikia, huinua mkono wa kushoto, taratibu, akauzungusha kidogo hewani. Zamani nilikuwa na bibi wa kunieleza mkono ni nini, na kwa uongo ule tuliishi vizuri msimu mzima. Sasa najua maana zote, na sijui hata moja. Huenda ananisalimia. Huenda anaaga, kama alivyozoea. Ile maana ya tatu sipendi kuifikiri, mama kumwomba mwanawe asimuumize. Naweka bakuli chini, naushika ule mkono, nausogeza polepole mpaka mapajani kwake, na nausubiri pale mpaka utulie.