Nilivyomnyima Mzee Makokha Msamaha wa Kipolandi

Ipo Jumapili moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hucheka kwanza, kisha humshukuru Mungu kwa kunipa jirani kama Bi Halima. Keti nikusimulie.

Nilikuwa nimemaliza shule ya usiku. Usinicheke. Kwa miaka nilikuwa na hamsini na kitu, lakini kwa cheti nilikuwa kijana wa miezi mitatu, na upuuzi wote wa ujana ulikuwa umenirudia. Hapa mtaani Shauri Moyo waliniita Profesa, nami niliitika kabla hawajamaliza kuniita. Hata nyanya nilikwenda kununua nikiwa nimefunga tai.

Siku hizo binti yangu aliniletea mchezo wa kuigiza kutoka Poland, sehemu nane. Watu wake walizungumza Kipolandi, lugha ambayo masikioni mwangu ilikuwa kama mtu anafagia changarawe, na chini ya picha yalipita maandishi ya Kiingereza, mbio kuliko pikipiki za Jogoo Road. Kila Jumapili saa tisa majirani walijaa sebuleni kwangu. Nikisema walikuwa mia mbili utaniuliza walikaa wapi, basi tuseme kumi na watano. Mimi nilisimama kando ya televisheni, nikisoma Kiingereza na kuwatolea Kiswahili.

Mchezo wenyewe ulihusu mwenye kiwanda cha mbao, mtu katili, aliyewafukuza wafanyakazi wake katikati ya baridi kali. Baadaye akaugua, moyo ukamgeuka, akaanza kuzunguka nyumba hadi nyumba akiomba radhi. Majirani zangu walimchukia kana kwamba aliishi mtaa wetu.

Aliyemchukia zaidi ni Mama Auma, muuzaji wa nguo za watoto katika soko la Gikomba. Zamani alifanya kibarua katika kiwanda kimoja, akitembea kila alfajiri kutoka Mukuru kwa Njenga. Siku moja alichelewa kwa kuwa alimpeleka mwanawe Auma hospitali. Msimamizi akamfungia geti, akamwambia asirudi tena. Na msimamizi huyo, mwanangu, ni Mzee Makokha, ambaye kila Jumapili alikaa kwenye kigoda karibu na mlango wangu, kofia juu ya magoti. Hawakusalimiana. Chumba kizima kilijua, na hakuna aliyeligusa jambo hilo.

Ikafika sehemu ya nane. Yule mwenye kiwanda amesimama kwenye theluji mlangoni pa mjane wa mfanyakazi wake, anaomba radhi. Mjane anamtazama weee. Kisha anatamka maneno machache, anarudi ndani, anauacha mlango wazi. Picha ikaishia hapo. Maandishi yalikuwa mafupi: ingia, kuna baridi.

Kabla sijafungua mdomo, Mama Auma akapaza sauti, "Zii! Huyo asiingie! Profesa, amemwambia nini? Si amemfukuza?"

Nyuso zote zikanigeukia. Nami nilipenda kushangiliwa, Mungu anisamehe. Nikapanua kifua, "Amemwambia, 'Potea! Ufie hapo hapo nje!'"

Makofi yale, nadhani yalisikika hadi mtaa wa Buruburu. Mtu mmoja akauliza mbona basi mlango haukufungwa. Nikajibu papo hapo, "Anataka aone joto analokosa!" Makofi tena.

Mzee Makokha akavaa kofia yake. "Asanteni kwa chai," akasema, akatoka.

Bi Halima hakupiga makofi. Alikuwa mpiga chapa ofisini miaka mingi kabla ya kufungua duka lake la leso. Alingoja watu watoke, akanivuta pembeni.

"Profesa, mimi Kiingereza nimekipiga chapa kabla wewe hujakijua. Yule mama alisema nini?"

"Bi Halima, nilitia chumvi kidogo tu."

"Hiyo si chumvi. Umemfungia mtu mlango. Makokha kesho anahamia kwao Bungoma, harudi. Asubuhi alikuja dukani kuniuliza kama anaweza kumwomba Mama Auma radhi mchezo ukiisha. Alikuwa akingoja asikie yule mjane atasema nini. Sasa wewe umemjibia."

Nikaivua tai. Nilimkuta Mama Auma barazani akivaa viatu, nikamwambia ukweli.

"Ati alimwambia aingie? Wewe Profesa ni muongo hivyo? Na vile nimepiga makofi hadi mikono inaniwasha!"

Nikaenda kwa Mzee Makokha, safu ya pili ya nyumba. Mama Auma akanifuata, bado akinitukana. Tulimkuta mzee akifunga sanduku kwa kamba. Nikakiri kosa langu, lakini hakunitazama mimi. Alimtazama Mama Auma aliyesimama mlangoni.

"Mama Auma, siku ile ulikuwa na karatasi ya hospitali mkononi. Niliiona. Nilifunga geti nikiwa nimeiona."

"Miaka yote hii nilijiambia hukuiona," Mama Auma akasema. "Mimi si yule mama wa Poland, Mzee. Siwezi kukwambia leo kwamba yameisha." Akapumua. "Lakini Auma alipona. Hukuwahi hata kuuliza."

"Niliogopa jibu."

"Ni mwalimu sasa. Ana watoto wawili." Akaingia, akaketi pembeni mwa sanduku. "Ngoja nikwambie."

Nikawaacha. Mimi, niliyekuwa na neno kwa kila jambo duniani, sikuwa na langu pale.

Mwanangu, utasoma kunipita, na watu watakutegemea uwasomee barua, uwapelekee salamu, uwaeleze alichosema daktari au hakimu. Wape maneno kamili, hata kama hayatakuletea makofi. Hujui ni nani ameketi karibu na mlango akiyangoja. Na ukiharibu, kimbia ukatengeneze mchana huo huo, usingoje kesho. Mzee Makokha aliondoka asubuhi, na angeondoka na uongo wangu.

Mungu akupe Bi Halima wako, wa kukuvuta pembeni badala ya kukuaibisha mbele za watu. Akupe masikio ya kumsikia, na miguu myepesi ya kwenda kusema, nilikosa. Amina.