Siku Niliyomzika Kocha Akiwa Hai

Mpaka leo kuna watu pale mtaani Tena wakiniona hawaniiti Kariuki, wananiita Pasta, na wageni hudhani nimeokoka au nina kanisa mahali. Sina kanisa. Nilihubiri mara moja tu maishani mwangu, katikati ya barabara, leso ya mwanamke wa watu ikiwa shingoni, na hayo mahubiri nayaonea aibu hadi kesho (niacheni nicheke kidogo kwanza, maana hii hadithi nisipoicheka itanibidi niilie).

Hiyo ni miaka ya tisini, wakati simu ilikuwa kitu cha kupangia foleni kwenye kibanda na mfuko umejaa sarafu. Mimi nilikuwa fundi seremala, nina banda langu la mabati kando ya barabara ya kuingia mtaani, natengeneza vitanda, viti na makabati, na jioni zote na Jumapili zote nilikuwa mali ya timu yetu, Radi. Sasa kama hujawahi kushabikia timu ya mtaa, hujui akili ya mwanadamu inavyoweza kugeuka. Golikipa wetu akidaka tulimwita Ukuta, akifungwa tulimwita Mlango wa Kanisa, kwa sababu hakuna anayekatazwa kuingia, na majina yote mawili angeweza kuyapata alasiri moja. Karanga, mshambuliaji wetu, akifunga alinunuliwa soda na chapati na mama yake akasalimiwa na watu asiowajua. Akikosa, tulianza kuulizana kwani huyu kijana alitokea wapi na ni nani aliyemleta. Lakini wa kubeba lawama zote alikuwa kocha, Mzee Barasa, mtu wa kutoka magharibi mwa nchi, mpole, ambaye mchana alifanya kazi katika kiwanda cha sabuni huko Industrial Area na jioni akawafundisha vijana wetu bure. Tukishinda, ana akili za profesa. Tukishindwa, arudi akachemshe sabuni. Mimi nimeyasema yote mawili, tena kwa sauti ya juu, kwa sababu Mungu alininyima mali akanipa koo.

Taabu yangu ni kwamba Mzee Barasa alikuwa na binti, Nekesa, na huyo Nekesa tulikuwa tumeelewana kitambo. Nilimpenda, sitaki kuzunguka. Mama yake alijua, na alikuwa ameniagizia kabati la vyombo (baadaye nilikuja kuelewa kwamba hakuwa na haja na kabati, alitaka kuona mkono wangu ukoje). Baba mtu aliambiwa tu kwamba Jumamosi inayofuata kuna wazee wa kijana fulani fundi watakuja kubisha hodi. Kwa hiyo nilikuwa na wiki moja tu ya kukaa kama mtu mwenye adabu. Wiki moja tu, jamani.

Jumapili hiyo tulicheza na timu ya Dandora, kwenye uwanja ulio upande wa Umoja. Kufikia mapumziko tulikuwa tumefungwa mbili, Mlango wa Kanisa uko wazi kabisa, na watu wamenuna. Kipindi cha pili kikaanza, na baada ya muda si mrefu Mzee Barasa akafanya jambo lililotutoa roho: akamtoa Karanga. Karanga! Akamwingiza kijana mmoja mwembamba ambaye hata jina hatukulijua, miguu kama fito za kujengea banda la kuku, na mimi ndiye niliyepaza sauti kwanza, nikasema, "Mzee, ulitaka mchezaji au ulitaka kuni?" Watu wakacheka, na mimi nikishachekewa huwa sijui breki iko wapi.

Rafiki yangu Otii, aliyekuwa amesimama nami, akatema mate chini. "Maze, huyu buda leo tumzike."

Nieleze hapo. Siku hizo mashabiki wakichoshwa na kocha walikuwa wanamzika: linatafutwa sanduku, linabebwa begani, zinaimbwa nyimbo za matanga, mtu mmoja anakuwa mchungaji, na kocha akifika mtaani anakuta ameshaombolezwa, anajua kwamba ndiyo kwaheri. Ilikuwa mzaha, ila mzaha wenye meno.

"Sanduku liko wapi?" mtu akauliza.

"Si huyu ni fundi?" Otii akanisukuma. "Sanduku ni la Kariuki."

"Zii, mimi sitaki hiyo maneno. Huyo mzee..."

"Huyo mzee ni nani yako? Ama ni baba mkwe? Oneni, jo! Huyu amenunuliwa na ugali wa kina Nekesa!"

Kicheko kilichotoka hapo kilinichoma masikio. Na ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo, ule ambao ningekuwa na akili ya kuku tu nisingeufanya, nikasema, "Nani amenunuliwa? Twendeni!" Tukaondoka mpira ukiendelea, mimi, Otii na vijana wengine kama kumi hivi, maana tulisema hakuna haja ya kungoja kuona mgonjwa akikata roho. Wala hakuna aliyegeuka kutazama nyuma.

Kufika bandani kwangu, sanduku hakuna. Kilichokuwepo ni kabati la Mama Nekesa, limekamilika, limepigwa randa vizuri, bado rangi tu. Otii akalilaza chali, akasimama nyuma kidogo, akatikisa kichwa kwa heshima. "Hili jeneza hata tajiri analala." Naapa nilisitasita. Lakini nikajiambia chaki inafutika, kabati litarudi mahali pake, mzee atapitishwa njia ya nyuma kwa aibu na hataona kitu, basi nikachukua chaki yangu ya kazi na mkono wangu huu huu nikaandika kwa herufi kubwa mlangoni: HAPA AMELALA KOCHA BARASA. ALIKUFA KWA UBISHI. Mama mmoja muuza sukuma wiki akanifunga leso yake shingoni iwe kola ya uchungaji, watu sita wakanyanyua mzigo, na tukaingia barabarani tukiimba, watoto mbele, wenye vibanda wakiacha biashara zao kutufuata. Nitasema ukweli, nilikuwa na furaha sana. Nilihisi kama mtu aliyezaliwa kwa kazi hiyo.

Tulipofika njia panda nikainua mkono, waombolezaji wakasimama, kabati likiwa begani.

"Ndugu zangu! Marehemu alikuwa mtu mbishi!"

"Woi!"

"Tulimwambia asimguse Karanga!"

"Woi woi!"

"Akatuletea kuni!"

"Woooi!"

Hapo ndipo tukasikia ngoma kutoka upande wa uwanja, na tarumbeta, na watu wengi wakiimba. Nikawaambia kondoo wangu, "Mnasikia? Hata waliobaki uwanjani wanakuja kuomboleza." Umati ukatokea kwenye kona. Nikaona matawi. Wamebeba matawi ya miti wanayapunga juu, na mimi bado nafikiri, mbona matawi, kwani huko kwenu mtu akifungwa mbili hupunga matawi? Halafu nikaona kilichokuwa juu ya mabega ya watu katikati ya yale matawi. Alikuwa Mzee Barasa, kofia imepinda, anacheka.

Mtu mmoja akatukimbilia akipiga kelele, "Tatu kwa mbili! Yule mwembamba amefunga mbili!" (La tatu hata hatukuwahi kujua nani alilifunga, liliingia tu katika ile vurugu.) Otii, aliyekuwa ameshika kona ya mbele ya jeneza, akaiachilia na kuyeyuka, sijui alipitia wapi, kabati likapiga lami puu, na wale watano wengine wakakumbuka kila mmoja ana shughuli nyumbani. Nikabaki mimi, leso shingoni, na marehemu miguuni pangu.

Na mjue ni kina nani waliokuwa wamembeba mzee. Mmoja nilimsikia kwa masikio haya, kipindi cha kwanza, akiapa kwamba Barasa akionekana tena uwanjani atamkata miguu, na sasa amelikumbatia goti lake kama la mtoto wake wa kuzaa. Huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kunguruma: "Ni nani huyu anamchimbia mzee wetu kaburi?" Mwingine akasema nipigwe. Mwingine akasema nipigwe vizuri. Nakwambia nilianza kusali sala ya kweli.

Mzee Barasa akawaomba wamshushe. Akaja polepole mpaka kwenye kabati, akainama, akasoma maandishi yangu huku midomo ikimtembea. "Ubishi," akasema. Akavua kofia yake, akaishika kifuani kama watu wafanyavyo kaburini, akanitazama.

"Mchungaji, ulikuwa umefika wapi?"

"Mzee, mimi nilikuwa tu..."

"Hapana. Maiti haiachwi njiani. Maliza ibada."

Nikamaliza, ningefanya nini? Sauti ikatoka nyembamba kama ya mbu. "Marehemu... alikuwa mtu wa subira."

"Sauti!" watu wakadai.

"Marehemu alikuwa mtu wa subira! Alituvumilia sisi wenye midomo! Tulipoona Karanga akitoka, yeye aliona mwembamba akiingia!"

"Amina!" Wakaanza kucheka sasa, na mzee mwenyewe anaitikia kwa kichwa, taratibu, kama anayemzika rafiki.

"Umeisahau familia," akaniambia. "Marehemu ameacha nani?"

"Ameacha mke," nikasema, jasho linanitiririka, "na watoto wanne, kifungua mimba akiwa ni... akiwa ni Nekesa."

"Ee, kumbe unamjua Nekesa?"

"Namjua kidogo, mzee."

"Kidogo!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma, na njia panda nzima ikavunjika mbavu. Nami nikamwona Nekesa mwenyewe, amesimama na mama yake pembeni, tawi liko mkononi. Yeye hakucheka.

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa aibu. Mama Nekesa akapenya katikati ya watu, akalizunguka lile jeneza, akapitisha kidole kwenye ukingo, akafungua mlango, akachungulia ndani ambako nilikuwa nimemwekea rafu mbili za sahani na misumari ya kutundikia vikombe.

"Baba Nekesa," akasema, "wamekulaza ndani ya kabati langu." Kisha akanielekezea kidole. "Na huyu ndiye yule fundi. Wazee wake ndio wanakuja Jumamosi."

Mzee alinitazama kwa muda mrefu sana. Akavaa kofia, akamshika mkewe mkono wakaenda, na matawi yote yakawafuata, na Nekesa akapita mbele yangu bila kugeuza hata jicho. Hilo ndilo lililoniuma. Kuzomewa nimezoea, ila kupitwa hivyo na mtu unayempenda ni kitu kingine, na jioni hiyo nililirudisha kabati bandani peke yangu, nikilikokota lami yote ile, nikijua nimempoteza kwa sababu ya kuogopa kuchekwa na Otii.

Wazee wangu niliwaambia ukweli wote. Baba akasema wataenda tu, maana mtu aliyeharibu ndiye mwenye haja zaidi ya kubisha hodi. Wakaenda, wakapokewa, wakala kuku. Mama Nekesa akasema lile kabati hawezi kuliingiza kwake, sahani zake haziwezi kukaa kwenye jeneza, nimtengenezee lingine. Na Mzee Barasa akasema hana neno na mimi, ila kijana amezoea kupiga kelele kutoka mahali asipoonekana, kwa hiyo kabla ya mengine yote kuendelea, aje akae naye kwenye benchi, mpaka msimu uishe.

Mechi iliyofuata nikaketi kwenye benchi la timu, wachezaji wa akiba upande mmoja, mzee upande mwingine, mashabiki nyuma ya migongo yetu. Tukafungwa moja mapema. Basi yakaanza. Sijui kama mnajua yanavyosikika ukiwa upande ule, maana ukiwa ndani ya umati ni kicheko tu, lakini ukikaa pale kila neno linakuja peke yake na linatua shingoni. Arudi akachemshe sabuni. Mzee mjinga. Mtoe huyo mwembamba, hajui mpira (yule yule aliyetufungia mawili!). Kisha nikasikia sauti ninayoijua vizuri, ya Otii: "Kocha atoke, na Pasta wake atoke!"

Nikageuka nimjibu. Mzee Barasa akaniwekea mkono kwenye goti. "Tazama mpira."

Nikatazama mpira, lakini nimeaibika kuliko hata siku ile ya njia panda. Baadaye kidogo nikamuuliza, "Mzee, hii yote huwa unaisikia kila Jumapili?"

"Naisikia."

"Na sauti za watu huwa unazitambua?"

Akafuatisha mpira kwa macho mpaka ukatoka nje. "Yako ilikuwa rahisi," akasema. "Hata Nekesa, akiniletea maji, alikuwa anaitambua."

Nekesa nilimwoa, ashukuriwe Mungu, ingawa alinichelewesha kwa makusudi. Ila tangu siku hiyo mimi nikienda uwanjani naketi, nafunga mdomo, na hata mpira ukiisha na watu wakaniuliza kocha nimemwonaje, nawaambia wamuulize mwenyewe, uso kwa uso.