Dawa Iliyokosa Barafu

Katika maabara ya Séphora Kavira mjini Butembo kulikuwa na sheria moja: bila barafu, mashine haiwashwi. Aliiweka mwenyewe, na mwanafunzi aliyetaka ailegeze alionyeshwa mlango.

Mashine ilikuwa chuma chembamba kinachotumbukizwa majini na kupiga sauti ambayo sikio la mtu halisikii. Sauti hiyo huvunja mabonge ya unga wa zinki mpaka yawe chembe zisizoonekana kwa jicho, zikaelea bila kuzama. Séphora alitumaini maji hayo yangekinga migomba na ugonjwa wa kunyauka. Lakini sauti hupasha maji moto, na katika joto chembe hushikana tena. Kwa hiyo chombo alikizungushia barafu, aliyoipata kwa wauza samaki wa Kyavinyonge, kando ya ziwa.

Asubuhi moja mdogo wake Abdias alifika kutoka Beni na bidoni tupu, dumu la kubebea dawa. Ugonjwa ulikuwa umeingia katika shamba lake, na hakuwa na lingine.

"Barafu haiko," Séphora alimwambia. "Njia ya Kyavinyonge imefungwa, kuko masasi, bunduki zinalia. Rudia juma ijayo."

"Lakini yaya, dada yangu mukubwa, ugonjwa haungojake juma ijayo! Barafu ni ya samaki. Weye unatengeneza dawa ao unauzisha tilapia?"

Séphora alianza kufunika mashine.

"Batoto bangu batakula nini, yaya? Sheria yako?"

Séphora akawasha mashine bila barafu. Huruma ilimshinda, na huruma inayokanyaga sheria ni uzembe uliovaa nguo ya kanisani.

Dawa ilitoka nyeupe kama maziwa. Abdias akaifunga kwenye pikipiki akiimba. Njiani chembe zilishikana, zikazama. Alichonyunyizia migomba yake kilikuwa maji matupu. Dawa ilibaki tope chini ya bidoni.

Kibaya zaidi, alikuwa amewatangazia majirani: "Musikate hata mugomba moja! Yaya yangu ni mutu wa laboratoire." Nao, waliozoea kukata na kufukia kila mgomba mgonjwa usiambukize mingine, wakaweka panga chini wakangoja dawa hiyo. Ugonjwa ukateremka kilima chote.

Séphora alikwenda kuungama mbele yao. Abdias alisema, "Yaya, rudia kwako, kwa mashine yako."

Kilima kile hakina mgomba tena. Abdias analima mashamba ya watu Kamango, wala hasemi na dada yake.