Jina Langu la Kihispania

Juzi, kule Momela, nilimsikia mtalii akimkaripia binti yake: "Tonta!" Mtoto akaangua kilio, nami nikakumbuka chekechea.

Ilikuwa shule ya Kihispania mjini Arusha. Kiswahili tulikiacha getini. Darasa lilinukia gundi na uji wa ulezi. Mchana ule mwalimu alikuwa akiinua kadi za rangi, nasi tunazitaja. Ya njano nikaiita azul, yaani bluu. Akainama, akanigonga kidole kwenye paji la uso, akasema taratibu, "Tonta." Darasa zima likacheka, naye akacheka. Wenzangu walishapewa majina ya Kihispania, akina Rosa na Pilar, nikajua na mimi nimepata langu.

Nikakimbia nyumbani kwa bibi aliyenilea.

"Shikamoo bibi! Shuleni naitwa Tonta!"

"Marahaba, Tonta wangu. Jina zuri, jepesi kutamka."

Tangu hapo aliniita hivyo, hata sokoni Ngaramtoni, kwa sauti.

Nilipojua kwamba maana yake ni mjinga, bibi alikuwa hoi kitandani. Sikumwambia. Alinishika mkono, akafumba macho, akaomba: "Ee Mungu, nakuachia Tonta wangu."