Kulwa na Doto wa Amplifaya ya Kanisa

Juzi nilikwenda Lamadi kununua dagaa, mtoto mgongoni, jua limechachamaa, nikasikia gitaa. Siyo la kwenye simu. Gitaa lenyewe, lenye ule mlio mnene unaotetemesha kifua, ambao sikuwa nimeusikia tangu baba afariki. Nikaufuata mpaka kwenye kibanda cha fundi kando ya barabara. Mteja alikuwa anajaribu gitaa lake, na nyuma ya amplifaya iliyofunguliwa ameinama mwanamke wa rika langu, anaigongagonga taa ya ndani kwa kijiti. Mkono wa kulia una kijiti. Wa kushoto ameuficha mgongoni.

Nilimjua kabla hajainua uso. Ni mtoto wa jirani yetu wa Bariadi. Na ule mkono wa mgongoni, rafiki yangu, ulikuwa wa baba yangu.

Ngoja nikueleze. Baba alikuwa fundi redio. Meza yake ilikaa barazani kwetu, na mpaka leo nikisikia harufu ya risasi ya kuungia nyaya inayoyeyuka, mdomo unanijaa ladha ya michembe, kwa sababu mama aliipika pale pale karibu, viazi vikavu vinatokota huku moshi wa jiko na moshi wa risasi vinagombania pua zetu. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji na kumenya karanga. Kazi ya mtoto wa jirani, akitoka shule, ilikuwa kuja kwetu na kujifanya mtoto wa kwetu.

Kila mwaka kabla ya Pasaka kanisa lilileta amplifaya yake. Nzito kama gunia la pamba, ya zamani, yenye taa za kioo ndani. Taa mbili kubwa ndizo zilizobeba sauti, na baba aliziita Kulwa na Doto, kwa sababu pacha kwetu wanalishwa sawasawa; ukimpa mmoja zaidi, mwingine anakuugulia. Alikuwa anapima kila taa inakunywa umeme kiasi gani ikiwa imekaa kimya, kabla gitaa halijapigwa. Ikinywa kidogo, mlio unakuwa mkavu, unakwaruza. Ikinywa sana, bati lililo ndani ya kioo linaiva jekundu na taa inakufa. Kila taa ilikuwa na skrubu yake. Unageuza kidogo sana, unangoja, mita inasomwa, unageuza tena. Baba alitaka mita isome thelathini na tano, kwa Kulwa na kwa Doto.

Umeme wa mle ndani ulikuwa mkali kuliko wa ukutani. Ndiyo maana mkono wa kushoto ulikaa nyuma, usije ukagusa chuma huku wa kulia uko kazini, umeme ukapita moyoni. Baba aliutia mfukoni. Sisi tulivaa sketi zisizo na mifuko, basi alisema, "Wekeni mgongoni, kama mnabembeleza mtoto."

Alikuwa na utaratibu wake. Anayeanza anasoma mita tu, kwa sauti, Pasaka nzima. Mwaka unaofuata ndipo anapewa bisibisi. Mtoto wa jirani alikuwa amesoma mita mwaka uliotangulia, mimi nikiwa nyumbani kwa bibi kule Ngulyati. Kwa hiyo mwaka ule yeye alipewa bisibisi, mimi nikapewa mita.

Nilivimba. Nikwambie ukweli, sijawahi kuvimba vile hata mume wangu aliponiudhi. Meza ya baba yangu, baraza letu, michembe ya mama yangu, halafu bisibisi ashike mtoto wa watu! Tena anaringa. Anatoa ulimi nje kidogo akigeuza, kama baba.

"Soma, mayu," baba akaniambia, akiniita mama kwa Kisukuma.

"Thelathini na tano." Kulwa alikuwa sawa, sikudanganya.

Mtoto wa jirani akahamia kwa Doto. Akageuza. Mita ikapanda arobaini. Nikasema, "Ishirini na nane."

Akageuza tena. Hamsini na tano. "Thelathini."

"Mbona Doto mvivu leo?" mtoto wa jirani akacheka.

"Mvivu ni wewe. Geuza."

Akageuza. Nikaona sabini na kitu, na ndani ya kioo bati likaanza kuiva, kwanza kama kaa lililofunikwa majivu, halafu jekundu kabisa. Baba alikuwa amegeuka kuchukua kikombe cha chai. Aliporudisha macho alirukia swichi. Kimya. Harufu ya vumbi lililoungua. Doto alikuwa amekufa, na taa nyingine ya namna ile Simiyu nzima hakuna.

"Nani kafanya hivi?"

Mimi nikaangalia karanga. Mtoto wa jirani alinitazama, halafu akamtazama baba. Alijua. Hakuwa mjinga.

"Mimi, baba. Nimegeuza sana. Sikungoja asome."

Alimwita baba! Baba yangu! Na akabeba kosa langu mbele yake kama ndoo ya maji, bila kumwaga tone. Baba hakumpiga. Alimtazama yeye, akanitazama mimi muda mrefu, akanywa chai yake. Pasaka ile kwaya iliimba bila gitaa. Kesho yake, mtoto wa jirani alipokuja, baba alimsogezea kigoda chake mwenyewe. Mimi akaniambia kwa upole, "Mayu, nenda ukamsaidie mama yako." Hakuniita tena mezani, mwaka ule wala mwaka mwingine. Miaka mingi nilisema alimpenda mtoto wa watu kuliko wa kwake. Ilikuwa rahisi kusema hivyo.

Sasa pale Lamadi akaniona, akanisalimu kwa Kisukuma. "Dada! Mwadila! Ni wewe kweli? Lete huyo mtoto nimwone. Yesu wangu, huyu ni baba mtupu! Angalia paji la uso!"

Alisema "baba" vile vile, bila aibu. Nilimpa mtoto kwa sababu mikono yake ilikuwa tayari imenyooka.

"Siku ile ya Doto," nikamwambia, maana mimi siwezi kuzunguka, "mita nilisoma uongo."

"Najua, dada. Na baba alijua. Aliniambia tukiwa tunafungasha zana zake, alipoacha kazi, 'Nilikuwa nangoja aje aniambie.'"

Nilichukua mtoto wangu nikaondoka. Dagaa sikununua.

Baba amekwisha. Baraza tulilibomoa, pameota nyumba ya kupangisha. Ile amplifaya kuku wanatagia ndani yake nyuma ya kanisa. Kwaya siku hizi wana kinanda chenye ngoma zote ndani, kinyonge, hata kifua hakitetemeki. Baba alikuwa anangoja, na mimi nilikuwa naye nyumba moja, nampelekea maji ya kuoga kila jioni. Mtoto wa jirani akimkumbuka, anafungua sanduku, anawasha mita, anaendelea alipoachia. Mimi nikimkumbuka, nasimama jikoni nimeshika mwiko, na sina pa kuanzia. Ninamwonea wivu. Nilimwonea nikiwa mtoto bila haki, na sasa ninamwonea kwa haki yote.