Mstari Kwenye Majivu ya Mama

Majivu ya mabua ya maharagwe yana harufu yake. Si ya moshi wala si ya vumbi; ni harufu kavu, chungu kidogo, inayokaa puani hata baada ya kuoga. Wapo watu wanaonusa kitu cha utotoni wakatabasamu na kuanza kusimulia habari za bibi zao. Mimi nikinusa majivu hayo napandwa na hasira, na kwa kuwa sasa ni mtu mzima mwenye nyumba na watoto, sioni kwa nini niifiche. Ni hasira ya msimu mmoja tu, kati ya mavuno na kupanda, nilipokuwa na miaka kumi, na inamhusu nyoka mmoja ambaye hakumkosea mtu yeyote.

Tulikuwa tumekimbia Karuba, kijiji chetu cha mlimani. Sitaeleza nani alikuwa akimpiga nani, maana kwetu orodha hiyo hubadilika kabla wino haujakauka. Papa alibaki mlimani na ng'ombe wetu wawili. Mimi na Mama tukashuka na wengine mpaka Kashebere, mpakani mwa Walikale, mahali ambapo watu wanaishi kwa barabara kama sisi tunavyoishi kwa shamba. Mama hakubeba godoro wala sufuria. Alibeba gunia la mbegu za maharagwe mgongoni, kwa ukanda uliopita kwenye paji la uso, na hakukubali mtu ampokee hata kwenye matope. Zilikuwa mbegu za mchanganyiko, nyekundu, za njano, nyeusi na za madoadoa, kama alivyopewa na mama yake alipoolewa, na kila msimu alikuwa akizichagua punje moja moja. "Manguo watu watatupatia," aliniambia njiani. "Mbegu, nani atatupatia?" Bila gunia lile tungerudi nyumbani kuwa ombaomba kwenye shamba letu wenyewe, na nilijua hivyo kama nilivyojua jina langu.

Aliyetupokea alikuwa Papa Deo, mfanyabiashara mwenye duka kando ya barabara na shemasi wa kanisa. Alitupa stoo nyuma ya jiko lake, chumba cha udongo chenye mlango wa mbao. Nataka ieleweke kwamba alikuwa mtu mwema. Ingekuwa rahisi zaidi kumkasirikia mtu mbaya. Hakuwahi kutupandishia sauti, na Jumapili alituombea kwa majina yetu mbele ya kanisa zima, jambo lililomfanya Mama aangalie miguu yake. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini Mama hakungoja siku ya tatu. Kesho yake tu alikuwa bustanini kwa Papa Deo akilima, kisha akafua, akateka maji, akacheka hata pale ambapo hapakuwa na cha kuchekesha.

Stoo ile ilikuwa na panya. Wanawake wa kwetu huchanganya mbegu na majivu ili fukusi wasiingie, halafu humwaga majivu mengine sakafuni, membamba kama unga, kuzunguka gunia. Hayo ya sakafuni ni ya kusomwa. Asubuhi mama mwenye nyumba anainama na kujua yote yaliyopita: huyu ni mende, huyu ni kuku wa jirani, huyu ni panya na amekwenda na kurudi mara mbili. Asubuhi ya kwanza Mama alisoma nyayo chache. Baada ya wiki moja sakafu yote ilikuwa imekanyagwa na pembe ya gunia imetobolewa. Alishona tundu lile, akamwaga majivu mapya, akakalia gunia lake na kulia. Njia yote kutoka Karuba hakuwa ametoa chozi.

Siku chache baadaye lori lililotoka ndani ya Walikale lilishusha magunia ya mkaa mbele ya duka, na chini ya gunia la mwisho alikuwapo nyoka. Alikuwa wa kahawia, laini, mnene kama kidole gumba cha mwanaume na mrefu kama mkono wangu. Watu wazima sita walimvamia kwa fimbo na mawe, wakishindana kwa vicheko, naye akizunguka pale pale barabarani bila pa kwenda. Nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka. Pengine nilikuwa nimechoka kuona wengi wakimkimbiza mmoja. Aliyenisikia ni kaka Safari, mpakizi wa lori lile, mzaliwa wa msitu wa Walikale. Aliwasukuma wenzake, akamwokota nyoka kwa mkono mtupu, na wale mashujaa sita wakarudi nyuma wote kwa pamoja.

"Iyi haina sumu," alisema. "Iko nakula panya tu. Muko naua mutumishi wenu."

Walimcheka. Alimtia nyoka ndani ya bidoni, dumu la maji la njano lililokatwa juu, akanikabidhi, akaniambia nikamwachie kichakani, mbali na watu. Katika maneno yote hayo mimi nilikuwa nimesikia moja tu, panya, nikakata kona nyuma ya duka na kumpeleka stoo.

Kumzoeza nyoka makazi mapya si kazi ya mtu mwenye haraka, nami nilikuwa na haraka. Nilifudikiza chungu kilichopasuka kwenye pembe ya ukuta, nikamweka chini yake, na kila nilipopata nafasi nilikiinua kuona kama amepona, kama amekula, kama ameanza kazi. Nilimletea panzi. Nilimletea samaki wa kuchemsha na tonge la bugali. Yeye alijikunja, akaficha kichwa chini ya mwili wake, na kidonda cha mgongoni kikabaki kinaniangalia. Siku ya tano bado hakuwa amegusa kitu. Lori liliporudi nilimkimbilia kaka Safari nikiwa karibu kulia.

"Unamuangalia mara ngapi?" aliniuliza.

"Kila saa."

"Muntu akikuchungulia kila saa, weye utakula? Umupatie pa kujificha, maji na joto. Kisha umusahau."

Nilinuna, lakini nilitii. Nilihamishia chungu kwenye ukuta ulioshikana na jiko, pale palipokuwa na joto la mafiga upande wa pili. Nilivunja mdomo mdogo wa kutokea, nikajaza majani makavu ya migomba, nikaweka maji kwenye kifuniko cha kopo, nikasogeza vikapu vitupu mbele yake. Halafu nikaanza kazi ngumu ya kumsahau. Sitaki mtu aniambie kwamba nyoka yule alikuwa mfano wetu sisi tuliokimbia. Alikuwa nyoka. Ila nilielewa haja yake, kwa sababu Kashebere watu walikuwa wakituchungulia hivyo hivyo mlangoni, "hawa wa Karuba", wakashangaa kwa nini mtoto huyu hali.

Asubuhi ya kumi na mbili niliona mstari kwenye majivu. Ulitoka ukutani, ukapita kwenye gunia, ukarudi ukutani, laini, wenye mawimbi madogo. Nyayo za panya zilikuwa chache. Wiki iliyofuata zilikuwa mbili tu, na baada ya hapo hazikuwapo kabisa. Chini ya vikapu nilikuta gamba lake amelivua, jepesi kama ganda la kitunguu, na pale penye kidonda palikuwa na kovu tu. Sikuwahi kuwa na furaha ya namna ile, na sikuwa na mtu wa kumwambia. Mama alikuwa akitoka alfajiri kuteka maji. Kabla hajarudi nilikuwa nimechukua ufagio, nimefuta ule mstari na kumwaga majivu mapya. Aliponiuliza kama panya wamepita, nilisema hawakupita, na gunia halikuwa na tundu jipya. Mama alimshukuru Mungu. Alimshukuru na Papa Deo pia, kwa sababu Jumapili moja alikuwa amekuja stoo kuliwekea gunia mikono na kuliombea. Kanisani ushuhuda wa mbegu zetu ulitolewa mbele ya watu, nami niliimba pambio kwa sauti kuliko wote.

Kisha ikaja siku mwalimu wa shule ya pale, nilikokuwa nimeanza kusoma, alipotuita mapema kusafisha darasa, maana mkaguzi alikuwa anakuja. Niliondoka na Mama kwa wakati mmoja, yeye na bidoni yake, mimi na daftari langu, na majivu yakabaki kama yalivyolala. Nilikumbuka nikiwa nimeshika fagio la watu wengine. Mwalimu hakuniruhusu kurudi. Saa sita nilipofika nyumbani, Mama alikuwa ameshausoma mstari, majivu yamekanyagwa na watu, chungu changu kilikuwa uani, kimezungukwa na watu, na Papa Deo alikuwa ameshika jembe.

"Yeye njo anakula panya," nilisema. "Mama, angalia gunia. Haina tundu."

"Panya waliisha juu ya maombi," Papa Deo alisema kwa upole. "Sisi wote tuliomba, mutoto wangu."

"Mama, angalia majivu. Hakuna miguu ya panya."

"Majivu gani?" Mama aliuliza. "Kila asubuyi nakuta umefagia. Nani aliona?"

Kila asubuhi nilikuwa nimefuta njia ya nyoka, na pamoja nayo nilikuwa nimefuta ushahidi wote wa kumtetea. Hasira ya siku ile ina sehemu yangu mimi mwenyewe, nami sijaikataa. Nilisema nitampeleka mbali, kichakani, sasa hivi, peke yangu. Papa Deo alimgeukia Mama. "Mama Riziki, mu nyumba yangu nyoka hapana. Siko nakasirika. Ila mwenye mutoto wake aliileta, yeye njo aiue." Akamnyooshea jembe.

Mama aliniangalia. Aliangalia mlango wa stoo, na ndani yake gunia. Halafu akapokea jembe kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea zawadi, akainua chungu kwa mguu. Nyoka hakujaribu kukimbia. Alificha kichwa chini ya mwili wake, kama siku ya kwanza, na Mama akapiga mara tatu. Watu walisema amina. Alipopita karibu yangu kwenda kuosha jembe alinena kwa sauti ambayo mimi tu niliisikia: "Nyumba haiko yetu."

Wiki haikuisha panya wakarudi. Mama alimwaga majivu, akasoma, akamwaga, akasoma. Asubuhi moja aliacha kumwaga. Nilimwona amesimama na kopo la majivu mkononi, akaliweka chini, na toka hapo sakafu ikabaki tupu. Aliyekataa kusoma hawezi kusema hakujua, nilifikiri hivyo hata nikiwa mtoto. Barabara ilipofunguka tukarudi Karuba, na gunia lile alilolibeba Mama akiwa ameinama nililibeba mimi kichwani bila kuchoka. Tulipanda nusu ya mteremko, nusu nyingine ikabaki na magugu. Papa aliuliza mbegu ziko wapi. "Panya," Mama alijibu, na habari ikaishia hapo. Msimu ule wote nilikula kwa kisahani changu nikiwa nimempa mgongo.

Sasa ninaishi Muheto, kwenye shamba letu mimi na mume wangu, na Mama anakaa nasi tangu Papa afariki. Madukani wanauza sumu ya panya ya unga wa waridi. Jirani yangu aliitumia, akapoteza paka na kuku wanne, na panya wake bado wapo. Papa Deo yu hai na hutuma salamu. Ninazijibu. Watu wetu wanajua kuomba msamaha kwa Mungu kila Jumapili, mikono juu, machozi yakiwatoka, lakini sijamwona mtu mzima hata mmoja aliyemwomba msamaha mtoto. Miaka yote hiyo Mama hakumtaja nyoka yule, nami sikumsaidia kumtaja.

Baada ya mavuno haya niliweka mbegu zangu stoo na kumwaga majivu, kama kawaida. Panya hawakuonekana, lakini kila asubuhi majivu yalikuwa yamelainishwa upya. Nilidhani ni watoto. Juzi niliamka mapema kuliko siku zote nikamkuta Mama ameinama na ufagio mdogo, anafuta mstari uliotoka ukutani hadi kwenye gunia. Alishtuka kama mwizi.

"Nafagia tu," alisema. "Bwana yako asione."

Hasira ilinipanda yote kwa mkupuo. Nilitaka kumuuliza ufagio huo ulikuwa wapi siku ile. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nilipoona anavyoutazama mlango, yale yale macho ya uani kwa Papa Deo, macho ya mtu aliyelala kwa watu, na alikuwa anatazama nayo ndani ya nyumba yangu. Nilimpokonya ufagio, na si kwa upole.

"Wacha, Mama. Waone. Apa nyumba iko yetu."

Alichutama taratibu kwa magoti yake mabovu, akaupima ule mstari kwa kidole, sehemu ambayo hakuwa ameifikia.

"Iyi iko munene," alisema. "Ile yako ilikuwa mudogo."