Mtani Alipokuja Kumla Mtoto

Mwaka wangu wa kwanza Nachingwea nilipanga chumba kwa mama mmoja aliyefuga nguruwe nyuma ya nyumba. Mimi ni mwalimu, nimetoka Singida. Kuku anayekula mayai yake nilikuwa nimemwona, na vunjajungu jike akimtafuna dume nilimtazama shambani mpaka nikachelewa kipindi. Nguruwe sikumjua.

Masika ile binti wa mwenye nyumba alitoka Ruangwa kwa mumewe, akaja kujifungulia kwao, kama ilivyo desturi kwa mtoto wa kwanza. Akapata mtoto wa kike. Wiki hiyohiyo nguruwe naye akazaa, mara yake ya kwanza. Asubuhi binti alitoka kumwaga maji aliyomwogeshea mtoto, akachungulia bandani. Nilisikia beseni likianguka. Nilipofika, nguruwe alikuwa na mguu mdogo mdomoni. Watoto wachache waliobaki walikuwa wamejibana ukutani.

Mama aliwatoa wale wadogo, akampa nguruwe maji.

“Wengine huwa hivyo uzazi wa kwanza,” alisema. “Ana maumivu, ana hofu. Akitulia atawakubali.”

Alisema hivyo kutufariji. Binti alichosikia ni “uzazi wa kwanza”.

Tangu siku hiyo hakutaka kuachwa peke yake na mtoto. Alinyonyesha pale tu mmoja wetu, mama yake au mimi, alipokuwa amekaa kando, akimaliza anatukabidhi mtoto upesi. Siku moja tukichambua kisamvu aliniuliza, “Mwalimu, umesoma wewe. Binadamu naye anaweza?”

Nilimjibu kwa ukweli ninaoujua: watu wamewahi kulana kwenye njaa kali, na mahali pengine ndugu walikula kipande kidogo cha maiti wao ili wasiachane naye.

“Sizungumzii njaa,” alisema. “Naogopa mikono yangu.”

Maziwa yakaanza kupungua. Mtoto akawa analia hata baada ya kunyonya, na mama akaanza kuulizia maziwa ya kopo.

Ndipo alipofika mtani wao kutoka Chinongwe, mwanamke wa makamo mwenye sauti kubwa, na karanga kwenye kiroba. Huku mtani ana ruhusa ya kusema lolote, hata msibani. Alianzia nje.

“Nasikia hapa kuna nyama changa!”

“Fungeni mlango, mla watu amefika,” mama alijibu, akicheka.

“Na chumvi nimebeba.” Kweli, alifungua pindo la khanga, chumvi ilikuwamo.

Nilimkonyeza mama amnyamazishe. Hakunitazama. Mgeni alimchukua mtoto mapajani pa bibi yake, akamnusa shingoni.

“Paja hili la kuchoma. Mashavu nitayatia nazi. Mama yake hamtaki, nimeambiwa njiani.”

Kicheko kikakatika. Kwa kawaida hapo ndugu humkomboa mtoto kwa kumpa mtani kuku. Mama alikaa tu, mikono mapajani.

“Hamkomboi? Basi, naondoka na kitoweo changu.” Akageuka, akaenda kweli, akavuka uwanja mpaka karibu na barabara.

Binti alisimama. “Nipe.”

“Una nini cha kunipa?”

“Sina kitu! Nipe mwanangu, we mchawi!” Alikimbia pekupeku, akamnyakua, akambana kifuani.

“Wacha we! Kumbe ana mwenyewe,” mtani alisema, safari hii kwa sauti ndogo.

Binti alicheka huku machozi yanamtoka. Alirudi kwenye mkeka, akakaa, akatugeuzia mgongo wote, akamnyonyesha.

Nilitaka kukaa karibu naye, kama tulivyozoea kufanya zamu. Mama alinishika mkono.

“Twende jikoni, mwalimu. Mla watu huyu anadai kuku wake.”

Tukaingia jikoni sote watatu, tukamwacha peke yake na mtoto.